Taa Iliyomficha Bado Moto

Mume wangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Mtaani wanamwita Cheche. Ana kofia ya kazi yenye kioo cheusi, na haanzi kuchomea kabla hajaivaa. Watoto wakija kuchungulia karakana, huwafokea: "Geuzeni macho huko! Mnataka kuwa vipofu?" Kwa hilo hana mchezo hata kidogo.

Mtu huyohuyo ndiye aliyetundika taa kali kuliko zote mtaani, akaielekeza kwenye macho ya wapita njia. Na mimi mkewe nilimshikia ngazi.

Ilianza na wizi. Wezi walivunja duka la jirani yetu, wakabeba redio na mizani. Wiki hiyohiyo mwenye duka akafunga taa nyeupe mlangoni. Jirani wa kushoto naye akafunga. Wa kulia akafunga mbili. Yakawa mashindano, na mume wangu si mtu wa kushindwa. Alipata taa kuukuu ya uwanja wa mpira, akaichomelea juu ya geti letu.

Alipoiwasha, mtaa mzima ulitoka kuangalia.

"Cheche, umetuletea jua!" akasema mwenye duka.

Mume wangu akavimba kichwa. Mimi pia nilitembea kwa maringo wiki nzima, siwezi kudanganya.

Ndani hatukulala vizuri. Mwanga ulipenya kwenye pazia. Binti zetu pacha, wenye miaka sita, waligeukageuka kitandani, na asubuhi wakasinzia darasani. Tukasema ni utundu. Kila siku nilizoa wadudu waliokufa chini ya taa, kizoleo kizima. Nikasema ni msimu wao. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Mbele ya nyumba yetu barabara inapinda. Kando ya ukuta kuna mfereji wa maji ya mvua, kina chake kinafika kiunoni. Hauna kifuniko.

Kila alfajiri, saa kumi na moja, muuza mikate alipita pale na baiskeli. Tulimwita Bado Moto, kwa sababu ndivyo alivyonadi mikate yake: "Bado moto! Bado moto!" Mume wangu alimtania kwamba hiyo mikate imepoa tangu juzi. Walikua pamoja tangu utoto, na mke wa Bado Moto tulimwita shemeji. Mikate yetu miwili aliitundika getini.

Siku moja alisimama akalalamika. "Fundi, taa yako inanipiga machoni. Nikifika hapa napita kwa kubahatisha."

"Vaa miwani ya jua," mume wangu akamjibu.

Tulicheka. Bado Moto naye alicheka, akapanda baiskeli yake.

Alfajiri moja sikumsikia akinadi. Nilitoka kwenda kazini kama kawaida. Mimi nafanya usafi shuleni. Nilipovuka barabara, nilisikia sauti nyuma yangu, upande wa mfereji. Ilikuwa kama ya mtu anayevuta pumzi kwa shida. Kisha nikasikia tik, tik, tik, kama gurudumu linalozunguka taratibu. Nikageuka. Niliona mwanga mweupe umenijaa machoni, na chini ya ukuta weusi mtupu. Nikasema moyoni, huyo ni mwizi amejificha. Nikatimua mbio.

Walimkuta Bado Moto kulipokucha, baada ya mume wangu kuzima taa. Alikuwa ndani ya mfereji, hatua nne kutoka getini kwetu, baiskeli imemlalia kifuani, mikate imelowa. Watu zaidi ya kumi walikuwa wameshapita pale. Hakuna aliyemwona, na pale ndipo palipokuwa na mwanga mwingi kuliko mahali pote mtaani.

Alifariki hospitalini siku ya pili. Alimwambia mkewe neno moja tu kuhusu ajali: "Niliona jeupe tupu."

Msibani niliosha vyombo mpaka vidole vikachubuka. Nilimbembeleza shemeji, nilimshika mkono. Sikumwambia nilichosikia. Kila nilipotaka kusema, niliokota sahani nyingine.

Baada ya wiki tatu shemeji alichukua baiskeli ya marehemu akaanza kuuza mikate mwenyewe. Angefanyaje? Watoto wanakula. Lakini akifika kwenye nyumba yetu alishuka, akaikokota baiskeli huku ameinamisha uso. Hakunadi, na hakutundika chochote getini.

Mume wangu naye alikuwa mkali kama pilipili. Jumapili moja nikamkuta juu ya ngazi na taa nyingine mkononi.

"Unafanya nini, Baba Pacha?"

"Giza la mfereji ndilo lililomuua rafiki yangu. Naongeza taa ya pili."

Jirani yetu wa ng'ambo ni muuguzi wa kliniki ya macho. Alikuwa anaanika nguo. Alisikia, akavuka barabara na kanga mbichi begani.

"Fundi, shuka kwanza," akasema. "Umekuja kliniki kwangu mara ngapi, macho yanawasha kama yamejaa mchanga?"

"Mara tatu, zamani, kabla sijanunua kofia. Ni moto wa kuchomea."

"Ukiutazama ule moto bila kofia, halafu ukaangalia pembeni, unaona nini?"

"Sioni kitu. Giza tupu."

"Haya. Mboni ya jicho ni kama dirisha. Mwanga mkali ukija, dirisha linajifunga. Na likishajifunga, penye kivuli huoni kitu. Mtu mzima wa umri wa Bado Moto, macho yake huchelewa kufunguka tena. Taa yako haikumwonyesha njia, fundi. Ilimziba macho."

Mume wangu alishuka. Alikaa kwenye ngazi ya chini, taa ameipakata.

"Na wezi je?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Waite wakazi. Nitawaonyesha kwa macho yao wenyewe."

Tulikutana Jumatano, saa moja na nusu jioni. Tulikuwa watu kama thelathini, tumesimama ng'ambo ya barabara, taa yetu inatumulika. Shemeji alikuja pia, akasimama peke yake.

"Nahitaji mtu mmoja akasimame chini ya ukuta ule," muuguzi akasema.

Wanaume wakatazamana.

"Nitasimama mimi," shemeji akasema.

Alivuka barabara. Alipoingia kwenye ule mwanga, akapotea.

"Mnamwona?" muuguzi akauliza.

Hakuna aliyemwona. Tulikodoa macho mpaka yakatoa machozi.

"Angekuwa mwizi, mngemwona?"

Mwenye duka akasogea hatua moja mbele, akatazama tena.

"Sasa kila mtu ainue mkono. Zibeni taa kwa kiganja. Msizibe ukuta."

Tuliinua mikono, sote thelathini. Ndipo tukamwona. Alikuwa ameingia ndani ya mfereji, palepale walipomkuta mumewe. Alikuwa anatutazama. Yeye alikuwa anatuona muda wote, mmoja mmoja, sura kwa sura.

Sikuweza tena. Nilivuka barabara nikapiga magoti ukingoni.

"Shemeji, siku ile nilimsikia. Nilisikia anavuta pumzi. Niligeuka, nikaona mwanga tu. Nikadhani ni mwizi, nikakimbia."

Nilisikia wadudu wakijigonga kwenye kioo cha taa.

"Alikuwa hai?" akauliza.

"Alikuwa hai."

Nilimpa mkono apande. Hakuushika. Alipanda mwenyewe, akakung'uta gauni, akaenda kwao.

Mume wangu akaingia ndani akazima taa. Hakuna aliyemwambia.

Mama mmoja akapiga ukelele. "Mnatuua kwa giza!"

"Tulieni," muuguzi akasema. "Zimeni na zile nyingine, kisha yapeni macho muda. Yanafunguka polepole."

Taa zikazimwa, nyumba baada ya nyumba. Mwenye duka alikuwa wa mwisho, na alinung'unika. Tulisubiri. Kwanza nikaona ukingo wa mfereji, mstari wa kijivu. Kisha nikaona ukuta, kisha nyuso za watu. Pacha wakanivuta gauni.

"Mama, nani ametoboa mbingu?"

Nikatazama juu. Zilikuwa nyota, zimejaa pomoni. Binti zangu hawakuzijua.

"Zilikuwa wapi?" wakauliza.

"Zilikuwepo hapohapo," muuguzi akawajibu. "Taa zetu zinatupa mwanga juu, mbingu inakuwa nyeupe, nyota hazionekani. Hata ndege wanaosafiri usiku wanapotea njia. Wadudu wanaizunguka taa mpaka wanakufa. Na nyinyi hamlali, kwa sababu mwili unataka giza ndipo upumzike."

Wengine walishangilia. Mimi sikuweza kufurahi. Niliwaza kwamba kama tungefanya hivi miezi miwili nyuma, Bado Moto angekuwa kati yetu, anatania watu.

Hatukubaki gizani moja kwa moja. Muuguzi hakutaka hivyo. Alisema taa iwepo panapohitajika, imulike chini, na isizidi kiasi. Kazi ikawa ya mume wangu. Alikusanya makopo makubwa ya rangi na mabati mabovu, akakata, akachomelea kofia za taa. Kila taa ya nje ikavishwa kofia, mwanga ukaanguka miguuni na kwenye mfereji, sio machoni. Balbu nyeupe kali tukazibadilisha kwa ndogo za manjano. Saa nne usiku tunazima zisizo na kazi. Mwenye duka alikataa wiki mbili. Mwishowe akafunga taa inayowaka yenyewe mtu akisogea. Sasa anajigamba kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Wezi, mpaka leo, hawajarudi.

Ile taa ya uwanja mume wangu aliikatakata. Chuma chake alikitumia kufunika mfereji mbele ya nyumba yetu. Aliifanya kazi hiyo siku nzima. Kofia yake ya kazi hakuivua hata alipomaliza, na nilijua kwa nini. Sehemu nyingine za mfereji bado ziko wazi. Ila sasa zinaonekana.

Pacha wanalala. Mwalimu wao ameniuliza nimewapa dawa gani.

Shemeji aliendelea kupita kimya. Kila alfajiri nilisimama getini, nikamsubiri, naye akapita kama hanioni. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningefanya vibaya zaidi.

Juzi nilisimama tena. Taa ilikuwa imezimwa, nyota bado zipo. Nilisikia baiskeli inakuja kutoka kona, na safari hii hakushuka kuikokota. Alikuwa ameipanda.

"Bado moto!" akaita. Sauti yake ilikatika katikati, akairudia. "Bado moto!"

Akafunga breki mbele yangu. Akatoa mikate miwili, akaning'iniza mfuko getini, palepale alipokuwa anautundika mumewe. Nikasema, "Shemeji, sikutegemea utaniona hapa gizani."

"Nimekuona tangu kule kona," akasema, akakanyaga pedali.