Kuonja Nako ni Kula

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, Mama Ladha alifungua mgahawa. Aliwasha majiko, akaanza kumenya vitunguu. Wifi yake, dada wa mumewe, aliosha mchele. Saa sita wafanyakazi wa kiwanda cha jirani waliingia kwa kelele. Hao ndio waliompa jina la Mama Ladha, kwa ajili ya mchuzi wake wa pilipili na siki.

Lakini sasa Mama Ladha alipika bila raha. Tumbo lilimchoma kama kaa la moto. Zahanati walimpima, wakamwambia ana vidonda vya tumbo. Walimpa dawa. Walimwambia ale kidogo kidogo, aache vyakula vinavyomuumiza.

Vyakula gani? Hakuuliza. Foleni ilikuwa ndefu, naye aliona aibu.

Basi nyumbani kila mtu akawa daktari.

"Maharage ni sumu kwako," alisema shangazi.

"Na mayai," alisema jirani.

"Na viazi!" alisema shemeji. "Mjomba wangu viazi nusura vimuue."

"Mjomba wako si aligongwa na baiskeli?" Wifi aliuliza.

"Ndiyo, akitoka kununua viazi!"

Mama Ladha aliandika yote kwenye karatasi, akaibandika ukutani. Mwishowe alibakiwa na uji mweupe, usio na chumvi wala sukari. Dawa zikaisha. Gauni lake likampwaya. Tumbo bado lilimchoma.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu. Jumapili tumbo lilitulia. Jumatatu lilianza upya.

"Uji ni uleule, bakuli ni lilelile," alimwambia mumewe, ambaye ni fundi viatu. "Sielewi."

"Mke wangu, labda ni hilo jiko," mumewe alisema. "Mwisho wa mwezi uache. Kuna watu wanatafuta mtu wa kufua. Nitawaambia unakuja."

Kupika ndiyo kazi pekee aliyoipenda Mama Ladha tangu usichana wake. Alipiga magoti kando ya kitanda. "Ee Mungu, Jumapili nikiomba na wenzangu unanisikia. Mbona siku nyingine hunisikii? Nimekosa nini?"

Jumatano Wifi alimleta nesi wa zahanati, jirani yao. "Dada, mwangalie huyu. Amebaki macho tu."

Nesi aliketi kwenye kigoda jikoni. Mama Ladha alimweleza kila kitu huku akikoroga vyungu. Nesi alisikiliza na kukunja vidole, kimoja baada ya kingine.

"Mbona unahesabu?" Mama Ladha aliuliza.

"Niambie kwanza. Leo umekula nini?"

"Uji. Bakuli moja."

"Na mchuzi wa pilipili?"

"Huo siuli kabisa! Tangu niugue sijaupakua hata sahani moja."

"Tangu nikae hapa umekula vijiko kumi na kimoja."

Mama Ladha alikitazama kijiko mkononi. "Lakini dada, huko si kula. Huko ni kuonja."

"Tumbo lako halijui tofauti. Linapokea pilipili na siki kutwa nzima, tena likiwa na njaa."

Wifi aliangua kicheko. "Tunamhurumia mtu wa uji, kumbe anatushinda sote kwa kula!"

Mama Ladha hakucheka. "Na Jumapili je?" aliuliza polepole.

"Jumapili unapika hapa?"

"Hapana. Tumefunga."

"Basi. Mungu anakusikia siku zote saba, dada yangu. Ila Jumapili hushiki kijiko."

Nesi akauliza habari za ile karatasi. "Mayai yamewahi kukuumiza?"

"Sijui. Nilikatazwa tu."

"Hakuna karatasi moja ya watu wote. Kinachomchoma mwenzako huenda wewe kisikuchome. Jaribu chakula kimoja kimoja, kidogo. Andika kilichokusumbua, ukiache kwa sasa. Usikae na njaa. Pombe usiguse, na dawa za maumivu usinunue bila kutuuliza. Kesho urudi zahanati. Umemaliza dawa na bado unaumwa, lazima upimwe tena. Na ukitapika damu au ukipata choo cheusi, njoo saa hiyohiyo."

"Sasa nitapikaje bila kuonja?"

"Una pua, una macho, na una wifi."

"Mimi?" Wifi alishtuka. "Pilipili hiyo?" Alionja. "Ongeza chumvi," alisema, machozi yakimtiririka.

Alhamisi Mama Ladha alikwenda zahanati, akapimwa, akapewa dawa nyingine. Ijumaa aliteleka sufuria ndogo yake mwenyewe: viazi, karoti na samaki, bila pilipili. Akasimama mbele yake kama mgeni. Miaka yote hiyo pilipili ndiyo iliyomfanyia kazi. Sasa aanzie wapi?

Sufuria ya kwanza ilikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Jumamosi alipika karoti polepole, mpaka zikatoa utamu wake. Alitia chumvi kidogo na majani ya giligilani. Alionja. Akafumba macho. Akaketi, akala sahani nzima.

Siku zilipita. Mayai hayakumuumiza. Nyanya zilimuumiza, akaziandika. Karatasi ya ukutani aliitumia kuwashia moto. Maumivu yalipungua, na usiku alilala.

Mwisho wa mwezi mumewe alikuja mgahawani mchana. Alifunua ile sufuria ndogo, akajipakulia.

"Hiki ndicho chakula cha mgonjwa?"

"Ndicho."

"Basi nami naumwa. Niongeze."

Mama Ladha alimwongeza.

"Na wale watu wa kufua niwaambie nini?" mumewe aliuliza, mdomo umejaa.

"Waambie mpishi yuko kazini."