Pacha Aliyechelewa

Jambo lenyewe lilianza na nyayo. Mkuu wa karakana alipoingia asubuhi, viatu vyake vililia ko, ko, kama siku zote. Kisha, yeye akiwa ameshasimama, ikasikika ko moja ya ziada.

"Sakafu hii," alisema, akiikazia macho kana kwamba ni mtumishi mtovu wa nidhamu.

Karakana ile ilichora bodi za mashine za kupima mapigo ya moyo. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa njia mbili za shaba, nyembamba kuliko unywele, zinazobeba habari moja bega kwa bega. Mbunifu, ambaye sasa ni marehemu, aliziita mapacha. "Lazima wafike pamoja," alikuwa akimwambia mdogo wake, fundi wa kulehemu katika meza ya jirani. Pacha mwenye njia fupi alimpindapinda kama nyoka mpaka urefu wao ukalingana.

Siku moja Mkuu akayaona yale mapindo. Yalikuwa yamekalia nafasi ya nembo ya shirika.

"Nyoosha hapo, binti."

"Huyu atamtangulia mwenzake, mzee. Mashine itababaika."

"Nembo imeidhinishwa. Nyoka wako hajaidhinishwa."

Akanyoosha. Mashine ikababaika wodini, mgonjwa akafa, na kamati isiyokuwa na hata mtu mmoja aliyewahi kushika bodi ikamtwisha mbunifu lawama zote. Akakata rufaa, presha ikamwahi. Wiki ya matanga yake barua ya rufaa ikaja, ikimtaka mhusika afike mwenyewe.

Akafika.

Baada ya nyayo kikaja kikohozi: Mkuu akikohoa, kabati nalo likakohoa, mlango aliokwisha kuufunga ukajifunga tena, harufu ya lehemu moto ikamfuata hadi chooni ilhali pasi zote za kulehemu zilikuwa baridi, na kila alichokisema kikarudi kwa sauti yake mwenyewe, kimechelewa kidogo, kisha kidogo zaidi, mpaka akawa anazungumza kwa kunong'ona ili asijisikie akirudi.

"Dada yako alikuwa na kitu?" alimuuliza fundi.

"Alikuwa na haki, mzee. Hakuwa na kingine."

Akaletwa mganga, akaandikishwa mlangoni kama mshauri wa masuala ya sauti. Alinusa hewa, akafunga mkoba wake.

"Huyu hafukuziki kwa moshi," alinong'ona. "Anadai neno. Mpe."

"Neno gani?"

"Neno gani?" likauliza kabati.

Mganga hakungoja chai.

Kamati ikakaa kufunga jalada. Fundi aliitwa asikie jina la dada yake likizikwa mara ya pili.

"Kosa lilikuwa la mbunifu," Mkuu alisema, akafumba mdomo kwa viganja viwili.

Halafu, nyuma ya viganja vile, sauti yake ikatoka taratibu: "Nilimwamuru mimi. Kwa ajili ya nembo."

Mwenyekiti alikohoa. "Karani, tuandike kauli ipi?"

"Iliyochelewa," fundi alisema.

Mkuu akashika kifua, akaanguka. Wakamfunga mashine iliyokuwa pale mezani kama kielelezo. Kioo chake, kilichotengenezwa kuonyesha mstari mmoja, kikaonyesha miwili. Wa kwanza ukatetemeka, ukanyooka, kama alivyokuwa ameagiza.

Wa pili, uliopindapinda kama nyoka, uliendelea kupiga, na hakuna aliyethubutu kuuzima.