King'ora cha Chumba cha Mitungi

Kila asubuhi ya likizo ile, wasichana wawili waliingia maabara, wakavaa makoti meupe yaliyowapwaya na kubandika beji kifuani. Maabara ilikuwa ya wote. Watafiti wa vyuo mbalimbali walikuja kutumia mitambo yake kwa zamu. Wasichana hao walishinda mashindano ya sayansi shuleni, wakapewa nafasi ya kuchunguza kama mbegu zilizogandishwa zinaweza kuota. Mmoja aliitwa Kiherehere, na jina lilimkaa hasa. Mwenzake alikuwa binamu yake, mtoto mtaratibu.

Mgeni hakupewa beji bila kufaulu maswali ya mafunzo ya usalama. Siku ya mafunzo, Kiherehere alikodolea macho darubini zilizokuwa chumba cha pili. Maswali yalipokuja, akaangalizia karatasi ya binamu yake, akapata yote.

Siku moja fundi wa maabara aliwaambia wamngoje nje ya chumba cha mitungi ya naitrojeni, kimiminika baridi kupita barafu. Kiherehere na kungoja wapi na wapi? Akaingia peke yake kuchukua trei ya mbegu. Ghafla king'ora kikalia, na taa nyekundu ikawaka ukutani.

Hakuona moshi, hakusikia harufu. Afunge mtungi? Ajifiche chini ya meza? Jibu aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, lakini halikuwa kichwani. Kizunguzungu kikamshika, naye hakujua kama ni woga au ni kitu kingine, na hilo lilimtisha zaidi.

Kupitia kioo cha mlango alimwona binamu yake. Akampungia mkono aje kumvuta. Yule akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. Kiherehere akaona ameachwa afe.

“Acha kila kitu! Toka!” binamu yake alipiga kelele.

Akaitupa trei, akakimbia.

Fundi alifika mbio, akawasha feni kutoka nje na kuufunga mlango. Mkufunzi wa usalama, mama asiyecheka ovyo, akawaketisha ukumbini. Alieleza kwamba mtungi mmoja ulikuwa unavuja, na gesi yake hufukuza hewa tunayovuta, bila harufu wala rangi. Kisha akamgeukia Kiherehere.

“Mwanangu, ulijibu maswali yote sawasawa. Mbona ulisimama?”

Angeweza kusingizia kelele. Akamtazama binamu yake, ambaye bado alikuwa akifuta machozi.

“Niliangalizia, mama. Sikusikiliza.”

Mkufunzi akambandua beji kifuani, taratibu.

“Mwenzako alijua kwamba anayekimbilia ndani kuokoa huanguka naye. Ndiyo maana alibaki nje. Lakini amekiri kwangu kwamba ungeanguka, asingeweza kujizuia. Angeingia. Jibu lako la kuiba lingetufanya tuzike watoto wawili.”

Kiherehere aliangua kilio, akamkumbatia binamu yake.

Kesho yake alirudia mafunzo, ameketi kiti cha mbele, akisikiliza. Mkufunzi alipomrudishia beji, alimshika bega.

“Maswali haya siyaulizi ili nikupe alama,” alisema. “Nayauliza ili jioni urudi kwa mama yako.”