Bakteria wa Kichuguu cha Ngulyati

Jumanne asubuhi, katika maabara moja huko Somanda, Dokta Nyanjige alifungua jokofu akakutana na harufu ya jiki. Vichupa vyote vya bakteria wa Ngulyati vilikuwa vimemiminiwa jiki hiyo. Hakuna aliyebaki hai, na kichuguu walikotolewa kilishasawazishwa barabara ilipopita.

Kompyuta ilikuwa imesoma vinasaba vyao na kukuta humo maelekezo ya kutengeneza dawa isiyojulikana bado, ambayo huenda ingeua vijidudu vilivyozoea dawa zetu. Ilibaki kuwaamsha tu waitengeneze.

"Ni Mwandu," Nyanjige alimwambia Inspekta Philomena. "Jiki anayo yeye."

Mwandu, mama mtu mzima aliyeosha vyombo vya maabara, alikaa kwenye benchi na pingu mikononi. Philomena alimlegezea kidogo, kisha akaingia ofisini kumhoji Clement, kijana kutoka Mbeya aliyesoma vile vinasaba.

"Jana uliondoka saa ngapi?"

"Mchana, afande. Nikalala Lamadi. Leo saa moja nafika, namkuta Mwandu anatoka kwenye chumba cha jokofu."

"Hakushtuka?"

"Wala! Alipiga goti, akanisalimu 'Mwadila.' Huwa ananifundisha Kisukuma."

"Leo asubuhi hii?"

"Leo hii hii. Siwezi kusahau."

Philomena aliwaita Nyanjige na Mwandu waingie.

"Mama, leo umesalimiana na huyu?"

"Leo sijamwona, mwanangu. Ni jana jioni, mimi natoka, yeye anaingia."

"Mwongo!" Clement alifoka.

"Taratibu," Philomena alisema. "Msukuma akikukuta asubuhi anakwambia 'mwangaluka.' 'Mwadila' ni ya jioni, hata mtoto wa chekechea hapa hakosei. Mlikutana jana jioni. Mama akaenda zake, ukabaki peke yako na jiki yake."

Clement alimgeukia Nyanjige, macho mekundu.

"Nimesoma vinasaba vile mpaka kichwa kinauma. Kwenye ripoti ukaandika jina lako tu. Nilipouliza ukacheka: 'Kompyuta ndiyo iliyosoma, wewe ulibonyeza.' Nikasema basi, tukose wote."

Pingu zilihama mikono.

"Mama Mwandu," Nyanjige alisema akitazama sakafu, "kapumzike. Kesho tuonane kazini."

Mwandu alisugua vifundo vya mikono yake.

"Daktari, ulipolazwa na homa, nililala wodini nikikuuguza. Leo hukuniuliza hata swali moja." Akafunga kanga yake vizuri. "Kesho tafuta mwingine wa kumshuku."