Mbuzi wa Kaveke

"Na huyu mwanaume unayeishi naye, amepeleka mbuzi wa ntheo kwenu?" Kaveke aliuliza, kalamu mkononi.

Ndinda alicheka, akaupuliza uji wa mtoto.

"Wapi! Kila siku ni ngoja, ngoja. Na bila hao mbuzi, baba yangu kule Zombe hanihesabu kama nimeolewa. Lakini dada, usiniandike jina."

"Sitaandika. Utakayosema hapa hayatoki, hata kwa mama yangu. Ndiyo sheria ya masomo yetu."

Kaveke alikuwa anasomea shahada ya pili ya sosholojia ya miji, na utafiti wake ulikuwa juu ya watu wanaoishi pamoja bila ndoa hapo mjini Sultan Hamud.

"Baba Kanyiva si mbaya," Ndinda aliendelea. "Ni fundi wa malori. Ona, ndiye huyu."

Kwenye simu, mwanaume alikuwa amembeba mtoto, amevaa sweta ya kijani yenye vifungo vya mbao. Sweta hiyo Kaveke aliifuma mwenyewe. Alikuwa Mbuvi, mchumba wake, aliyemwambia anafanya kazi Emali. Jumamosi angeleta mbuzi kwao Kilungu.

Kaveke hakusikia uchungu. Hakusikia kitu. Aliona tu nzi akitembea kwenye ukingo wa kikombe.

"Swali linalofuata," akasema. "Maji mnachota wapi?"

Jioni Mbuvi akatuma ujumbe: "Mpenzi, mbuzi wamepatikana. Wamenona!"

"Usiwalete," Kaveke akajibu.

"Haha! Maringo ya bibi harusi yameanza."

Jumamosi akafika nao, yeye na wajomba zake. Chai ilipomiminwa, Mzee Muthama akamgeukia binti yake.

"Kaveke, tuwapokee?"

"Hapana, baba."

Shangazi yake akashika kiuno. "Ati hapana? Umesoma mpaka ukaharibika! Unangoja profesa akuletee ng'ombe?"

"Toa sababu, mwanangu. Wageni wametoka mbali."

"Sina ruhusa ya kusema, baba."

"Ruhusa ya nani? Chuo ndicho kinakuoza?"

Wajomba wakacheka. Mbuzi mmoja alikuwa anatafuna pindo la kitambaa cha meza, na Kaveke alimtazama kana kwamba hayo yote yalikuwa ya boma lingine.

Mbuvi akasimama.

"Kwani yule wa chuo aliyemhoji Ndinda ni wewe? Amekuambia nini?"

Kicheko kikakatika.

"Ndinda ni nani?" Mzee Muthama aliuliza polepole.

Mbuvi akawaangalia wajomba. Kila mmoja alikuwa na shughuli na kikombe chake.

"Ni... mama ya mtoto wangu."

"Mimi sijataja mtu," Kaveke alisema.

Mzee Muthama akafungua kamba ya mbuzi mwenyewe, akamwekea mjomba mkubwa mkononi.

"Malizeni chai. Halafu mteremke na mbuzi wenu."

Walipoondoka, Kaveke akaosha vikombe, hata ambavyo havikutumika. Shangazi akaja akasimama karibu, bila kujua aweke wapi mikono.

"Lia basi, mama. Lia tu."

"Hayaji, aunti."

Giza lilikuwa linaingia simu ilipolia. Ujumbe ulitoka kwa Ndinda.

"Dada wa utafiti! Baba Kanyiva amekuja na mbuzi watatu, wamenona! Anasema ni wa ntheo yangu. Kumbe siku zote alikuwa ananitafutia! Kesho tunawapeleka Zombe, njoo tushangilie."

Kaveke akapangusa vidole, akaandika: "Hongera, dada." Akatuma.

"Ni nani huyo?" shangazi akauliza.

"Mambo ya masomo tu, aunti."