Ratiba Isiyoanza Upya

Jina lake la kweli lilikuwa kwenye vyeti tu. Nyumbani na mtaani walimwita Hamira. Alipokuwa binti mdogo alikuwa na hasira za haraka. Ukimgusa kidogo, amevimba. Na kwa kuwa baba yake alikuwa mwokaji wa mikate, jina halikutafutwa mbali.

Sasa Hamira alikuwa mtu mzima. Hasira zilipungua, jina likabaki. Kila siku aliamka mapema pamoja na baba yake. Baba alikanda unga. Hamira aliukata, akaupanga kwenye trei, kisha wakangoja uumuke. Mama aliuza mikate dirishani, na kwa dirisha hilo alijua habari za mtaa mzima bila kuvaa viatu.

Ilikuwa kazi ya heshima. Iliwalisha na kuwasomesha. Lakini moyo wa Hamira ulikuwa kwingine. Alitaka kuingia katika utumishi wa umma. Alipenda kazi ya kupokea watu, kusikiliza shida zao na kuandika jambo likaeleweka. Ili aajiriwe, ilimbidi afaulu mtihani wa ushindani. Nafasi zilikuwa chache, na waliozitaka walikuwa wengi. Mwaka uliopita alifanya mtihani huo akaanguka. Mwaka huu ulikuwa wa mwisho kwake. Mwaka ujao angekuwa amevuka umri unaoruhusiwa, na asingeweza kujaribu tena.

Hamira hakuwa mvivu. Hilo lisemwe mapema, maana wapo watu ambao wakisikia mtu ameanguka mtihani, neno la kwanza mdomoni ni uvivu. Alikuwa na vitabu. Alikuwa na ratiba pia, na ratiba yenyewe ilipendeza macho. Aliichora kwa kalamu za rangi nne, akaibandika ukutani juu ya pipa la unga. Ilifuata ratiba ya shule aliyosoma zamani. Kipindi baada ya kipindi, tangu asubuhi hadi wakati wa kulala, kila somo na rangi yake.

Baba aliipenda mno. Mteja akipaza sauti dirishani, baba alitoa kichwa nje.

"Polepole, jamani! Mwanangu ana kipindi."

"Kipindi cha nini, mzee?"

"Cha kijani," alijibu baba.

Shida ni kwamba shule haina tanuri. Jumatatu ratiba ilikwenda vizuri. Jumanne pia. Jumatano lilikuja joto kali, unga ukaumuka kabla ya wakati wake, ukafurika kwenye trei katikati ya kipindi cha hesabu. Hamira alitupa kitabu akakimbia. Kipindi kikapotea. Kilichofuata kikapotea nacho. Alhamisi alipotazama ukutani, aliona ameachwa nyuma, na roho ikamshuka.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake.

Nyumba ile ilikuwa na sheria ya kazi. Unga ukichacha kupita kiasi, hauponi. Baba alizoea kusema, "Usiubembeleze unga ulioharibika. Mwaga, nawa mikono, anza upya." Kwa upande wa mikate, baba alisema kweli. Lakini Hamira aliichukua sheria hiyo akaipeleka kwenye masomo. Ratiba ikiharibika, aliibandua, akaichana, akachora nyingine. Jumatatu iliyofuata alianza tena, tangu mada ya kwanza ya kila kitabu. Na baba, kwa mapenzi yake, alimletea karatasi mpya.

Wiki ziliyoyoma hivyo. Ukuta ule ulipata ratiba nyingi kuliko shule ya kweli.

Mama alianza kuingiwa na wasiwasi. Juu yao, ghorofani, aliishi jirani mmoja aliyefanya kazi ya kutunza mafaili katika ofisi ya serikali. Mtaa ulimwita Bi Masijala. Naye alifaulu mtihani uleule miaka ya nyuma, tena baada ya kuanguka mara ya kwanza. Alasiri moja alikuja dirishani kununua mkate. Mama akashika mkate, hakuutoa.

"Jirani, ingia ndani kidogo. Mtoto wangu anasoma, lakini simwelewi anasomaje."

Bi Masijala aliingia. Hamira alimwamkia, akamfutia unga kwenye kiti. Mgeni aliitazama ratiba ya ukutani kwa muda, hakuisifu wala hakuicheka.

"Mdogo wangu, niruhusu nikuulize maswali," alisema. "Mihimili ya dola ni ipi?"

Hamira alijibu bila kumeza mate. Bunge, mahakama na serikali, na kazi ya kila mmoja. Baba, aliyekuwa akifagia tanuri, alitabasamu kwa fahari.

"Vizuri. Asilimia unaziweza?"

Aliziweza. Alipiga hesabu mbili kichwani, zote sawa.

"Vizuri sana. Sasa ukipewa jedwali lenye takwimu za watu na mwaka, utalisomaje?"

Hamira aligeuka akaitazama ratiba yake ukutani.

"Muhtasari wa kikao unaandikwaje?"

"Huko sijafika, dada."

"Na mwaka jana ulifika?"

Kwa mara ya kwanza alijiona alivyokuwa akienda. "Mwaka jana pia sikufika," alisema. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu. Mwaka mzima alikuwa akitwanga maji kwenye kinu, na sasa muda ulikuwa umebaki kidogo.

"Basi hukuanguka kwa kukosa akili," alisema Bi Masijala. "Mada za mwanzo unazijua kuliko mimi. Za mwisho hujawahi kuziona."

Baba aliweka ufagio chini. "Lakini jirani, kitu kikiharibika si unaanza upya?"

"Mkate ndiyo, mzee. Mkate ulioharibika hauliwi. Lakini alichosoma Jumatatu hakikuharibika Jumatano. Kimo kichwani mwake. Sasa kwa nini akimwage?"

Baba alikuna kichwa kwa mkono wenye unga. "Basi mimi na karatasi zangu tumemponza mtoto," alisema.

"Kuteleza si kuanguka," mama alisema. "Tuambie la kufanya."

Bi Masijala alirudi Jumapili, amebeba karatasi za mitihani ya zamani. Hakugusa ratiba. Alimpa Hamira mtihani mmoja, akaweka saa mezani, akamwambia aufanye wote kama yuko ukumbini. Hamira alitoka jasho. Walipousahihisha, kila kitu kilikuwa wazi. Uandishi alikuwa hodari. Majedwali yalimshinda kabisa. Taratibu za ofisi alibahatisha.

"Sasa ndiyo tunaweza kupanga," alisema Bi Masijala. "Usiniambie siku unayoitamani. Niambie siku unayoishi. Unga ukishakandwa, unafanya nini?"

"Naungoja uumuke."

"Unaungoja vipi?"

"Na simu mkononi," mama alidakia, wakacheka wote, hata Hamira.

"Unga huumuka bila kutazamwa," alisema Bi Masijala. "Muda huo ni wako, tena kila siku unakuja wenyewe. Kichwa bado kizima asubuhi. Weka hapo majedwali."

"Lakini kwenye ratiba yangu kila somo lina haki sawa."

"Haki sawa wape watoto. Dawa apewe mgonjwa. Uandishi unauweza, utakutosha mara moja kwa wiki."

Hamira alishika kalamu. Akaandika, "Hesabu."

"Futa hiyo," alisema Bi Masijala. "Ukiandika hesabu, utafungua kitabu, utakifunga, utajiona umesoma. Andika kazi yenyewe. Maswali matano ya majedwali. Ukiyamaliza, umemaliza. Usipoyamaliza, unajua kilichobaki."

Wakaenda hivyo siku baada ya siku. Kulikuwa na muda mwingine alasiri, trei zikishaoshwa. Baada ya chakula cha jioni hawakuweka kitu. Hamira alitaka kupajaza, lakini mama alikataa katakata.

"Huwa unasinzia na kitabu usoni. Nimekuvua kitabu hicho mara ngapi? Lala, mwanangu."

Walipofika Jumamosi alasiri, Bi Masijala alichora kisanduku kikubwa akakiacha kitupu.

"Hapa nisome nini?" aliuliza Hamira.

"Hakuna."

"Basi nipajaze."

"Thubutu! Nyumba yenu ina tanuri, ina wateja, ina wazazi wanaoumwa kama watu wote. Lazima kuna kipindi kitakachoharibika. Kikiharibika, kinahamia hapa, na kesho unaendelea pale ulipopanga. Hurudi nyuma. Kisipoharibika kitu, pumzika."

"Na nikisahau niliyosoma mwanzo?"

"Utasahau, wewe si kasha. Kwa hiyo kila baada ya siku chache funika kitabu, umweleze mtu ulichokisoma. Ukikwama, hapo ndipo pa kurudia, si kitabu kizima. Ukishapita mada zote, wiki za mwisho ni za mitihani hii ya zamani, na saa iko mezani."

Mtu wa kuelezwa alikuwa mama. Hamira alimsimulia huku wakipanga mikate dirishani. Mama hakuwa mtu wa kukaa na neno. Muda si muda wateja walianza kupewa mkate pamoja na maelezo ya kazi za bunge. Fundi seremala mmoja alilalamika kwamba alikuja kununua mkate, si kuajiriwa.

Ratiba hii mpya, iliyobandikwa ukutani mahali pa ile ya zamani, haikuwa na rangi. Baba aliisikitikia kidogo. Lakini Hamira alisonga mbele. Alifika kwenye mada ambazo hakuwahi kuzifungua. Zilikuwa ngumu, na siku nyingine alikosa maswali yote matano, akavimba kama zamani. Kesho yake alikaa tena.

Kisha tanuri likapasuka.

Ufa ulianza mlangoni ukapanda hadi juu. Fundi alikuja, akabomoa, akajenga. Hamira na baba walibeba matofali, wakachanganya udongo, wakaenda kuoka kwa mwokaji mwenzao upande wa pili wa soko. Karibu wiki nzima Hamira hakufungua kitabu. Kisanduku cha Jumamosi kisingetosha kubeba yote hayo.

Jumapili baba aliingia taratibu. Mkononi alishika karatasi mpya, nyeupe, na kalamu za rangi.

"Mama yangu," alimwambia bintiye kwa upole, "najua tulivyoambiwa. Lakini hii imeharibika kweli. Anza upya tu. Safari hii itakwenda."

Hamira aliitazama karatasi ile. Aliitamani. Mkono wake ulikwenda ukutani wenyewe, ukashika pembe ya ratiba waliyoipanga na Bi Masijala, pembe ikabanduka. Akasimama hapo, ameishika.

Ndipo alipojiuliza kwa nini kuanza upya kulikuwa kutamu hivyo. Jibu lilimwumiza. Kule mwanzo alijua kila kitu. Mada ya kwanza haikumwaibisha hata siku moja. Kila alipochana ratiba alikuwa akikimbilia mahali ambapo hawezi kushindwa, na mtihani haukuwa ukimngoja huko.

Alirudisha pembe, akaibandika kwa kidole kilicholowa unga.

"Asante, baba. Hiyo fungia mikate."

Alikaa chini na kalamu. Katika kazi zilizokosekana, alichagua zile zinazoulizwa mara kwa mara kwenye mitihani ya zamani, akazihamishia Jumamosi mbili zilizofuata. Nyingine aliziacha. Kuziacha kulimuuma, lakini aliziacha. Jumatatu, unga ulipokuwa ukiumuka, alifungua kitabu katikati, palepale ratiba iliposema.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Hamira alipopewa karatasi, aligeuza kurasa za mwisho kwanza. Kulikuwa na jedwali kubwa la takwimu. Chini yake kulikuwa na maelezo ya kikao, na swali la kuandika muhtasari wake. Mwaka uliopita kurasa hizo alizitazama kama mtu aliyepotea njia. Sasa alizijua. Si zote: yapo maswali aliyoyaruka, akayarudia baadaye, na mengine hakuyaweza hadi mwisho. Lakini kengele ilipolia, hakuacha ukurasa mtupu.

Baada ya matokeo aliitwa kwenye usaili. Baada ya usaili ikawa kungoja, na kungoja kulikuwa kugumu kuliko kusoma. Mama alipunguza maneno, na mtaa ukajua kwamba jambo ni zito.

Asubuhi majina yalipotoka, Hamira alivaa gauni lake la buluu akaenda kuyaona. Alirudi kwa miguu, hakukumbuka hata njia aliyopita. Baba alikuwa mbele ya tanuri, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Alimtazama usoni, hakuthubutu kuuliza.

"Nimo, baba," alisema Hamira. "Jina langu limo."

Baba aliinua mikono, kisha akarudi nyuma. "Ngoja ninawe. Nitakuchafua."

Hamira hakungoja. Alimwendea akamkumbatia, na baba akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akalia bila kujificha. Mama alikuja mbio kutoka dirishani, akawaacha wateja na mikate.

Walipoachiana, mgongoni pa gauni la buluu palikuwa na alama nyeupe za viganja viwili. Mama alinyanyua kitambaa ili azipanguse, maana Hamira alikuwa anatoka kwenda kumpa Bi Masijala habari.

"Ziache, mama," alisema Hamira, akapanda ngazi nazo.