Kidoa cha Silva

Ilikuwa saa ya kufunga kazi. Upepo wa Same, ule usiochoka kuwatia watu vumbi machoni, ulikuwa umetulia, na wingu lilishaanza kushuka kwenye milima ya Pare. Erasmo, fundi rangi wa magari, alikuwa anaosha brashi zake harakaharaka awahi nyumbani. Alikuwa amemwahidi binti yake, Blessing, maandazi ya moto, na kwa Blessing ahadi ya maandazi haikuwa jambo la mchezo.

Gari likaingia uani taratibu. Taa zilikuwa zimezimwa.

Lilikuwa gari dogo la rangi ya silva, safi mno, limeoshwa hadi matairi. Namba zake tu ndizo zilizojaa tope, na mvua ilikuwa haijanyesha mjini kwa muda mrefu. Erasmo aliliona hilo akalipuuza. Wateja wana mambo yao, na fundi anayeuliza sana hulala njaa.

Aliyeshuka alikuwa mwanaume wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu, kidole gumba kimefungwa plasta. Hakutaja jina.

"Habari za jioni, fundi. Kuna alama hapa. Ndogo tu."

Ilikuwa kwenye mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Rangi ilikuwa imebanduka, pengo la ukubwa wa harage, na bati lilionekana chini yake. Kazi ya kitoto kabisa.

"Njoo kesho asubuhi, bosi," Erasmo alisema. "Silva inataka mwanga."

"Leo," yule mtu alinong'ona. "Tafadhali... leo."

Basi Erasmo akachuchumaa mlangoni, akawasha tochi ya simu. Akaosha alama kwa sabuni, akaifuta kwa kitambaa chenye thina. Hapo ndipo alipoiona. Ukingoni mwa lile pengo ilikuwa imeng'ang'ania chembe ya rangi nyingine.

Bluu.

Mji mzima ulikuwa na habari ya baiskeli ya bluu. Elibariki, mtoto wa Mama Hedwiga wa Vudee, kule milimani, aligongwa kwenye barabara kuu akiwa na gunia la tangawizi nyuma ya baiskeli yake. Gari halikusimama, naye akafia palepale. Ndugu zake walizunguka minadani wakitangaza: aliyemgonga ajitokeze, na anayemficha naye ajitokeze, yaishe kwa mazungumzo. Mchungaji aliwasihi wasiende mbali zaidi ya hapo. Wakasubiri, wakasubiri, hakuja mtu. Ndipo walipofanya kile ambacho watu wa mlimani hukifanya haki ikiwapiga chenga. Walichukua chungu, wakakinuizia maneno, wakakivunja. Laana ikaachiwa imtafute aliyegonga na yeyote atakayefunika, yeye na nyumba yake.

Na laana ya chungu, kila Mpare anajua, huanzia kwa watoto.

Erasmo aliitazama ile chembe tena. Akajiambia baiskeli za bluu ni nyingi. Akajiambia pia kwamba yeye si askari wa barabarani. Akachukua wembe, akaikwangua ile chembe, ikadondoka vumbini, naye akaifukia kwa kidole cha mguu. Sijui kama alijua anafanya nini. Nadhani alijua.

Alisugua kwa msasa laini, akapaka praima, ile rangi ya chini ya kushikiza, akaanza kukoroga rangi. Silva ni rangi ya ukorofi. Ziko za kila namna, na jicho likikosea kidogo kiraka kinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo Erasmo alifanya kama alivyofundishwa ujanani na Salimu, fundi mzee wa Lembeni. Alidondosha tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba, akausogeza mlangoni, akalinganisha.

Yule mtu alikuwa hautazami mlango. Alikuwa anautazama ukucha.

"Una watoto, fundi?"

"Mmoja. Wa kike."

Mgeni alifumba macho.

"Mimi nilikuwa nao wawili," alisema.

Erasmo akainamia kikopo chake cha rangi. Alichovya kijiti cha kiberiti kwenye rangi, akagusa lile pengo, likajaa vizuri. Na hapo uani pakabadilika harufu. Thina ilitoweka. Badala yake ikaja harufu ya tangawizi mbichi, kali, ya tangawizi iliyopondwapondwa na udongo.

Kisha sauti. Nyuma yake, karibu kabisa.

Trrrrrrr...

Gurudumu la baiskeli iliyoanguka, linalozunguka lenyewe hewani.

Aligeuka. Hapakuwa na baiskeli. Palikuwa na yule mtu tu, amesimama mbele ya gari, ameshabandua plasta yake, anakitazama kidole gumba chake. Ukucha ulikuwa safi. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, mabega yanatikisika.

"Imetoka," alisema. "Nilijaribu kuipaka mwenyewe ikanishika. Nisamehe, fundi. Nilizidiwa... nilizidiwa."

Aliacha fedha juu ya pipa, akaondoka rangi ikiwa bado mbichi. Hata taa hakuwasha.

*

Nyumbani Erasmo aliusugua ukucha kwa thina. Akausugua kwa petroli. Akachukua msasa, akasugua mpaka nyama ikauma na damu ikachungulia pembeni. Kile kidoa cha silva kilikuwa palepale, cha umbo la harage, kinang'aa.

"Utajitoa kidole bure," mkewe, Veneranda, alimwambia. "Rangi itatoka yenyewe. Njoo ule."

Hakula. Maandazi alisahau kununua, na Blessing alimnunia, halafu akalala mapema kuliko kawaida yake. Erasmo alikwenda kumfunika shuka. Mtoto alikuwa wa moto, jasho linamtoka, na mkono wake mmoja ameukunja ngumi, gumba limefichwa ndani.

"Baba," alinong'ona bila kufumbua macho. "Kuna baiskeli nje."

"Hakuna, mama. Lala."

"Ipo. Imeanguka."

Erasmo alikaa kitandani, akaufungua ule mkono, kidole baada ya kidole. Alikuwa anaomba. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Chasu, Kipare alichofundishwa na bibi yake.

Kidoa kilikuwa pale. Kidogo kuliko chake, kinachoutosha ukucha wa mtoto.

Kulipopambazuka alikodi bodaboda, akapanda Vudee.

Aliyefika kwa Mama Hedwiga hakuwa tena yule fundi mcheshi anayejulikana mjini. Mama alikuwa kibarazani, amekaa kwenye kigoda, anamenya tangawizi, na ile harufu ikampiga Erasmo kabla hajasalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaficha mkono?"

Akautoa. Mama yule aliutazama ukucha, akaweka kisu chini.

"Ni wewe uliyemgonga?"

"Hapana, mama. Haki ya Mungu siyo mimi. Mimi nilipaka alama tu. Mlangoni. Alama ndogo..."

"Hukuona rangi ya baiskeli yake?"

Erasmo aliukunja ule ukucha kiganjani. Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya nyumba, na mbali kidogo watu walikuwa wanacheka wakipanda shambani. Dunia ilikuwa inaendelea na shughuli zake bila kumjali.

"Uliiona," Mama Hedwiga alisema.

"Mtoto wangu anaungua, mama. Hajamkosea mtu. Nifanye nini?"

Machozi yalimtoka mama yule. Hakuwa mkatili, na hilo ndilo lililomvunja Erasmo nguvu; mkatili angeweza kumchukia.

"Mlete mwenye gari. Akiri hapa, mbele ya ukoo, tutakaa, tutayarudisha maneno tuliyoyasema. Bila yeye, mwanangu, tutayarudisha kwa nani? Anaitwa nani?"

"Simjui."

"Namba za gari?"

"Zilikuwa na tope."

"Basi mimi sina la kukusaidia," alisema, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Namhurumia binti yako. Na wangu nilimhurumia pia, alikaa barabarani mpaka asubuhi."

*

Aliteremka akiwa kama mzigo nyuma ya ile bodaboda, akazunguka mjini kutwa akilitafuta lile gari, asilione. Giza lilikuwa linaingia alipofika kwake. Alisimama nje ya mlango, akaogopa kuusukuma. Akasikiliza.

Blessing alikuwa anaimba.

Alikuwa amekaa mkekani, amejipaka uji uso mzima, afya tele. Alipomwona baba yake alinyoosha mikono yote miwili. Kucha zake zilikuwa nyekundu, zinang'aa.

"Baba, ona! Nimepakwa!"

"Homa imetoka ghafla tu mchana, mara alipokwisha kupakwa," Veneranda alisema huku anapakua ugali. "Nimemwita yule wa kucha, Rodrick. Hicho kidoa kilikuwa kinanitia aibu, mtu kesho anakwenda kanisani na mtoto ana madoa? Nikamwambia afunike. Na kweli kapaka vizuri."

Rodrick alijulikana mtaa mzima. Alitoka Singida kufuata kazi ya mkonge, ikamshinda, akaanza kuzunguka na kikapu cha rangi za kucha, anagonganisha vichupa ili kina mama wamsikie. Ting, ting. Mtu wa utani, asiye na neno na mtu.

Erasmo alikitazama kidole gumba chake.

Safi.

Alipiga magoti palepale, akamkumbatia mtoto, akalia kwa furaha. Naam, kwa furaha. Nisimsingizie majonzi ambayo hakuwa nayo. Ilichukua muda kabla hajaweza kuuliza.

"Rodrick ana watoto?"

"Si mke wake kajifungua juzijuzi? Kijana wa kiume. Leo alikuwa anatuchekesha, eti mtoto kachukua masikio ya babu yake."

Sasa Erasmo alielewa kilichotokea uani kwake, na alielewa kwamba kinaweza kurudishwa. Anayefunika ndiye anayebeba. Ilikuwa ni kwenda tu, chumba cha pili kutoka mashine ya kusaga, akamshika Rodrick mkono, akaupaka ule ukucha kwa mkono wake mwenyewe. Kidoa kingerudi kwake. Kingerudi kwa Blessing.

Akanawa mikono, akakaa kula.

Siku zikapita. Mwanzoni vile vichupa vilisikika bado, ting, ting, asubuhi na jioni. Kisha vikawa vinasikika mara mojamoja. Kisha mtaa ukawa kimya, na kina mama wakaanza kuulizana yule kijana wa kucha kapotelea wapi. Veneranda alisikia kwamba mtoto wa Rodrick hanyonyi. Alilisema hilo wakati wa chakula, kwa huruma, na Erasmo akaomba aongezewe mboga.

Jioni moja, wakati wa kuosha brashi, kivuli kilisimama mlangoni mwa gereji.

Hakuwa na kikapu. Mashavu yalikuwa yamebonyea, macho mekundu. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo, fundi Erasmo."

"Marahaba, Rodrick. Karibu."

"Samahani kwa usumbufu. Kuna kitu kimenishika kwenye ukucha. Nimejaribu rangi zangu zote, hazikai." Alifungua kitambaa polepole. "Naona kama ni rangi ya gari. Nikasema labda wewe unaweza... unaweza kukifunika tu, hata kwa kijiti. Mke wangu anasema tangu kianze, mtoto..."

Alimnyooshea Erasmo kile kidole.

Harufu ya tangawizi ilishajaa uani. Kikopo cha ile silva iliyobaki kilikuwa juu ya pipa, kimefunikwa kwa gazeti, wangeweza kukigusa wote wawili kwa kunyoosha mkono. Erasmo aliingiza mikono yake mifukoni.

"Sina rangi hiyo," alisema.

"Hata kidogo, fundi?"

"Imeniishia." Aliwaza kucha nyekundu, aliwaza wimbo wa mkekani, na maneno yakamtoka yenyewe. "Nenda Lembeni. Muulizie mzee Salimu, fundi rangi, kila mtu pale anamjua. Ndiye aliyenifundisha mimi. Mwambie akufunikie."

Salimu alikuwa na wajukuu nyumba nzima. Erasmo aliwajua kwa majina.

Uso wa Rodrick ulipata nuru kidogo, ile nuru ya mtu aliyeonyeshwa mlango. Akamshika Erasmo mkono kwa mikono yote miwili, na Erasmo akajitahidi asiurudishe mkono wake nyuma.

"Asante sana, fundi. Mungu akubariki. Akutunzie na binti yako."

"Amina," Erasmo alijibu.

Rodrick akashika njia kuelekea barabara kuu. Ile sauti ya gurudumu ikamfuata nyuma yake, trrrrrrr, ikawa inafifia kadiri alivyokwenda mbali. Ilipofika barabarani ikasita. Rodrick aliendelea kutembea peke yake. Erasmo alisimama uani kwake, mikono mifukoni, akisikiliza, mpaka giza likaingia kabisa, na hakusikia kama iliendelea na safari au ilikuwa imebaki pale inamsubiri yeye.